Ubao Shupavu na Kizidisho cha Uzalendo

Iko nchi, wala si hii yetu, yetu tunaijua na tumeridhika nayo, ambako kitu kikishazinduliwa na kiongozi hakivunjiki tena. Si kwamba hakiwezi. Hakiruhusiwi. Bomba likikatiwa utepe na Mheshimiwa halafu likapasuka, watu wa nchi ile hawasemi limepasuka, wanasema limepumzika. Barabara hupumzika wakati wa masika. Taa za mitaani hupumzika usiku, maana mchana kutwa zinakuwa zimewaka. Hata lifti ya Wizara imepumzika siku nyingi, na mlangoni pake pamebandikwa kibao cha kuwaomba wananchi wasiisumbue.

Katika nchi hiyo aliishi Dakta Sefu Mkumbaru, mhandisi wa nyenzo mseto. Nyenzo mseto, kwa asiyezijua, si jambo la kuumiza kichwa. Unachukua vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake ni dhaifu, nyuzi na gundi, unavishikamanisha, unapata kimoja kigumu kuliko vyote viwili. Ukivishikamanisha vibaya unapata kitu kinachopendeza kwa macho.

Sefu alikuwa mtu wa utani. Maisha yalianza kumzaba makofi akiwa bado mdogo, baba kafa, mama mgonjwa, ada ya shule ya kuombaomba, naye akagundua mapema kwamba anayekuchapa akicheka huwa anapunguza mkono. Basi akawa anachekesha. Alichekesha walimu, akachekesha wakuu wa bweni, akachekesha hata jopo la watahini wake wa udaktari, wakampa shahada huku wakijifuta machozi.

Utani ndio uliompandisha cheo, na alipandishwa hivi.

Wizara ya Nyenzo, Uimara na Matumaini ilikuwa imetengeneza ubao wa katani na gundi, ukaitwa Ubao Shupavu. Ulizinduliwa kwanza, ukapimwa baadaye, kama ilivyo desturi ya huko. Vipimo vikatoka vibaya. Kikao kikaitishwa. Katibu Mkuu, mama mmoja mtaratibu aitwaye Bi Ndimbo, akamtazama Sefu juu ya miwani akasema, "Dakta, kweli hakuna namna?"

Chakula cha mchana kilikuwa kimechelewa. Harufu ya pilau ilikuwa inapita chini ya mlango, Sefu tumbo linamlilia, akasema tu la kusema.

"Namna ipo, Mama. Tuzidishe kwa uzalendo."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Mwananchi wa kawaida ana uzalendo wa mara tatu."

Akangoja kicheko. Kicheko hakikuja. Kilichosikika ni kalamu zikiandika, meza nzima, kwa bidii.

Alikusudia kukanusha kesho yake. Kesho yake wakamletea kiti kinachozunguka, akawa Mkurugenzi wa Modeli. Akakaa, akazunguka kulia, akazunguka kushoto, akasahau alichotaka kusema. Tangu hapo modeli zote za kompyuta za nchi ile zikawa na kizidisho cha uzalendo, na mashine ya kupimia, ile inayovuta kipande cha ubao hadi kikatike, ikafungwa kizuizi ili isimame yenyewe kabla kipande hakijaaibika. Wizara iliita hiyo adabu ya mashine.

Kisha wakajenga daraja.

*

Daraja lilijengwa kwenye korongo la Kijitopele, kwa Ubao Shupavu mtupu. Ng'ambo ya korongo ilikuwapo shule ya msingi, na shuleni hapo alifundisha Mwalimu Zamda, mke wa Sefu. Watoto wa shule ile walivuka maji kwa miguu, soksi mfukoni na viatu shingoni, na masika yakikaza nusu ya darasa hubaki makwao. Kwa hiyo daraja lilitakiwa kwelikweli. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma Sefu zaidi. Lingekuwa la mapambo angelala usingizi.

Lilipangwa kufunguliwa kama kilele cha kongamano. Wataalamu wangeshinda ukumbini, kisha wapakiwe mabasi wakashuhudie bendi ya watoto ikivuka ya kwanza.

Asubuhi ya siku yenyewe Zamda alimkuta mumewe mezani, kikombe mkononi, anapuliza chai iliyokwisha poa.

"Baba Nunu, lile daraja litatubeba?"

"Modeli inasema litabeba."

"Nimekuuliza wewe. Hiyo modeli siijui, sijaolewa nayo."

Sefu akacheka. Alikuwa na kicheko cha kukopesha, hukitoa hata asipokuwa nacho. "Litabeba, Mama Nunu. Na ngoma zenu juu."

"Basi, ukisema wewe nimetulia. Nitawapanga wale wakubwa mbele, wapige hatua kwa pamoja, wakanyage kwa nguvu, Mheshimiwa apendezwe."

Chai ikapita njia isiyo yake. Alipomaliza kukohoa akasema, "Wakanyage taratibu tu."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima."

"Weye leo umekuwa mtu wa heshima?" Zamda akacheka, akamfuta chai kwenye tai kwa pembe ya khanga yake, akachukua filimbi yake ukutani, akatoka. Alikuwa mwanamke mwenye kuamini akishauliza mara moja. Mlango ulipofungwa Sefu alibaki anautazama, na ile sehemu ya tai aliyofutwa ikawa kama inamchoma kifuani.

*

Bango la ukumbini lilisema: Kongamano la Kwanza la Kimataifa la Upimaji na Uundaji wa Modeli za Nyenzo Mseto kwa Maendeleo na Utulivu. Umataifa wake ulikuwa umekaa kiti cha mbele, jina lake Profesa Nekesa, kutoka nchi jirani. Alikuwa amekuja kwenye harusi ya mpwa wake. Wizara ilipopata habari kwamba mtaalamu wa nyenzo mseto kaingia nchini kwa miguu yake mwenyewe, wakamfuata huko huko kwenye kupaka hina, wakamkamata kwa heshima zote.

Salamu zilianza. Katika nchi ile mzungumzaji hawezi kusema neno kabla hajawataja wakubwa wote kwa ukubwa wao, kisha atamke "itifaki imezingatiwa", ndipo apumue. Aliyetajwa nje ya zamu yake husimama kurekebisha. Na anayesimama kurekebisha naye ni mzungumzaji, kwa hiyo lazima aanze kwa kuwataja wote. Mada tatu za kitaalamu zilifutwa ili salamu zitoshe.

Waziri, Mheshimiwa Kasongwa, alifungua kwa hotuba ambayo wengi walilia, wengine kwa sababu ya kiyoyozi kilichokuwa kimepumzika.

"Nyuzi ni wananchi," alisema. "Gundi ni serikali. Sasa nawauliza nyie wasomi, uzi unaojitenga na gundi, huo ni uzi wa namna gani?"

Wasomi wakatikisa vichwa kwa masikitiko juu ya uzi huo.

"Nimeelezwa kwamba ng'ambo wanapima vitu kwa kuvivunja. Wanachukua kitu kizima, kizuri, hakijamkosea mtu, wanakivuta mpaka kinakatika, halafu wanaandika. Hiyo ni elimu ya watu waliokata tamaa. Sisi tunapima kwa kuamini."

Makofi. Kikaletwa kipande cha Ubao Shupavu juu ya mto wa mahameli. Waziri akakikatia utepe, kikazinduliwa, kikaingizwa kwenye mashine. Mashine ikavuma, sindano ikapanda kidogo, kizuizi kikagonga tik, kimya. Mshereheshaji akaruka na kipaza sauti chake.

"Kimevumilia, ndugu washiriki. Kimevumilia. Makofi ya kilo tafadhali, kilo moja, kilo mbili."

Wakapiga makofi ya kilo, maprofesa wazima, wamekunja mikono ya makoti. Ndipo Profesa Nekesa akanyoosha mkono.

"Naomba kuelewa," alisema. "Kimevumilia mpaka wapi?"

"Mpaka mashine iliposimama, Profesa."

"Na mashine imesimama kwa nini?"

"Kwa kuwa kipande kimeshavumilia vya kutosha."

Profesa akaandika, akafuta. "Na huu uzalendo mnaouzidisha mara tatu, mliupima vipi?"

Ukumbi ukageuza shingo. Bi Ndimbo akamwonyesha Sefu kwa kalamu, kama mtu anayemkaribisha mgeni chakula. Sefu akasimama. Jibu la kweli alikuwa nalo, lilikuwa fupi, lilikuwa limefika hata kwenye meno. Akamwona Waziri amekwisha kutabasamu kabla, anangoja.

"Profesa," Sefu akasema, "uzalendo haupimwi. Unapigiwa saluti."

Waziri alicheka mpaka akashikwa mgongo na mlinzi. Ukumbi ulicheka kwa kumsaidia. Nekesa peke yake hakucheka. Alisoma na Sefu chuo kimoja, alikuwa msimamizi wa bibi harusi Zamda alipoolewa, na kwa miaka yote ya ujana wao hakupata kusikia mzaha wa Sefu asicheke. Alifunga kalamu yake, akaiweka mezani, akautazama ule mto wa mahameli. Sefu akaketi, uso unawaka kama aliyeinamia jiko la mkaa.

*

Wakati wa chai Nekesa alimkuta Sefu kwenye meza ya sambusa.

"Umenenepa, Sefu."

"Cheo, dada. Kinapita tumboni kwanza."

"Umewahi kukivuta bila hicho kizuizi?"

Sefu akaangalia nyuma. Akachukua sambusa, akairudisha. "Nimewahi. Nilijifungia."

"Kikasemaje?"

"Kikalia kama kashata mdomoni."

"Kwenye mzigo gani?"

"Theluthi. Theluthi ya tuliyoandika. Dada, ile mara tatu ni mimi niliyeisema. Nilikuwa natania, nilikuwa na njaa, wakaandika."

Nekesa hakulaumu wala hakushangaa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliuliza tu, "Nani anavuka leo?"

"Watoto wa Zamda. Na Zamda mwenyewe na filimbi yake."

Profesa akaweka kikombe chini polepole, kama kwamba nacho kingevunjika. "Chini kuna nini?"

"Katikati kuna mawe. Pembeni ni tope."

"Basi usiniambie mimi, ndugu yangu. Mimi nimekuja harusini."

Sefu akaenda kwa Bi Ndimbo. Tumpe haki yake, alikwenda, na alikwenda kwa hatua za mtu aliyeamua. Mama alikuwa anakagua mpangilio wa viti.

"Mama, kuna jambo kuhusu daraja."

"Jambo zuri, Dakta, au jambo jingine?"

"Jambo jingine."

"Mambo ya namna hiyo huwa yanaingia kwenye Mengineyo, mwishoni kabisa mwa ajenda." Akasogeza kiti kwa unyayo. "Na Mengineyo tumeifuta. Salamu zilizidi."

"Mama, ni la maisha ya watu."

Bi Ndimbo akaacha viti. Akamtazama kwa upole, karibu kama mama mzazi, akasema kwa sauti ya chini, "Dakta, hujaambiwa? Leo unavishwa Nishani ya Uimara. Mheshimiwa atakuvisha kwa mkono wake, daraja likishavukwa."

Hapo palikuwa pahala pa kusema. Kilichotoka kinywani mwa Sefu ni, "Nashukuru sana, Mama." Na kama kwamba hilo halikutosha, mkono wake mwenyewe, hakuna aliyeutuma, ulipanda ukaiweka tai sawa, ukapapasa kifua kutafuta nishani itakaa wapi. Akauona mkono ule. Akautia mfukoni kama kitu cha wizi, na hakuutoa mpaka walipopanda mabasi.

*

Daraja lilikuwa zuri, jamani, lisingiziwe mengine. Limepakwa rangi, limeng'arishwa, limejikunja juu ya korongo kama nyusi ya bibi harusi. Upande huu yamesimikwa maturubai na viti vya wakubwa. Mbele ya maturubai, kwenye mdomo wa daraja, bendi ya watoto imejipanga, wale wakubwa mbele kama ilivyoahidiwa, soksi nyeupe, ngoma zimefungwa vifuani. Zamda yuko pembeni yao, filimbi shingoni, amevaa gauni lake la sikukuu.

Waziri akakata utepe. "Watoto ndio taifa la kesho," akatangaza. "Watangulie."

Zamda akainua filimbi. Kabla hajapuliza akamtafuta mumewe kwa macho katikati ya wakubwa, akangoja, nyusi juu kidogo, apate tu ile ishara ndogo ya kichwa ambayo watu waliooana siku nyingi hupeana.

Sefu akampokonya mshereheshaji kipaza sauti.

"Ndugu zangu," sauti ikatoka nyembamba, "itifaki haijazingatiwa."

Katika nchi ile hayo ni maneno ya kusimamisha msafara. Filimbi ikashuka. Ndege, ikiwezekana, wakashuka.

"Watoto hawawezi kumtangulia Mheshimiwa Waziri," Sefu akaendelea. "Haijapata kuwa. Mkubwa kwanza."

Watu wakapiga makofi, na Sefu, jasho linamtiririka, akajiona ametegua mtego bila kuugusa. Waziri atakanyaga, ubao utalia, Waziri atarudi nyuma, mambo yataahirishwa. Hakuna aliyelazimika kusema lolote. Huo ndio aliouita ujasiri, na ndio ujasiri mwingi zaidi aliokuwa ameuonyesha tangu apewe kile kiti.

Mheshimiwa Kasongwa akaenda mpaka kwenye mdomo wa daraja. Akainua kiatu. Akakitazama. Akakirudisha chini, hapo hapo kilipotoka.

"Dakta amesema neno zito," akasema. "Lakini kiongozi bora ni yule anayewapisha wengine. Mimi daraja hili nimeshalivuka, moyoni. Namkaribisha Katibu Mkuu."

Haijapata kutokea katika historia ya nchi ile Waziri kumpisha mtu, hata kwenye choo. Bi Ndimbo akasogea, akatabasamu, akaonyesha viatu vyake. Akasema mwanamke wa adabu hawezi kupanda mahali palipoinuka kuliko aliposimama Waziri wake. Akampisha Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Wilaya akashika goti, goti ambalo asubuhi lilikuwa halina neno. Akawapisha maprofesa. Mkuu wa maprofesa akakohoa.

"Sisi wa modeli," akasema, "tumeshalivuka kwenye kompyuta mara nyingi sana. Bila tatizo lolote."

Mkandarasi alipoitwa ikaonekana amekwenda kusalimia ndugu.

Sefu alikuwa anatazama uso mmoja baada ya mwingine, kila uso unampisha mwenzake kwa tabasamu. Wanajua. Wote wanajua. Waziri aliyesema wanapima kwa kuamini, Bi Ndimbo na viatu vyake, maprofesa na makofi yao ya kilo, hakuna hata mmoja aliyepata kuuamini ule ubao, na wote walikuwa wamekaa pale kwa utulivu kungoja watoto watangulie. Miezi yote ile alidhani ameibeba aibu peke yake, amewadanganya watu wazima wenye vyeo. Kumbe hakumdanganya mtu. Katika nchi nzima aliyedanganyika ni mmoja, mwenye filimbi, na yeye alikuwa ameuliza.

Mshereheshaji akanyoosha shingo. Ngazi ya ukubwa ilikuwa inakwisha. "Amebaki Dakta mwenyewe," akasema kwa uchangamfu. "Baada yake ni watoto. Dakta, unavuka, au na wewe unawapisha?"

Mwalimu yeyote anakijua kisingizio hata kikivaa suti. Zamda alikuwa amevisikia vyote, kuanzia kile cha moyoni hadi kile cha goti, na sasa amewashika mabega wale wawili wa mbele, mikono yake imekaza. Hakupaza sauti. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa mumewe, naye alikuwa amesimama karibu, kikalichukua swali lake kikalipeleka mpaka kwenye turubai la mwisho.

"Baba Nunu. Unawapisha?"

Sefu akaweka kipaza sauti juu ya kiti cha Waziri. Akapanda darajani.

Hatua ya kwanza ubao ulinyamaza. Hatua ya pili uliguna. Hakuangalia nyuma, alikuwa anaangalia chini, anasogea upande, anajiombea tope lisije likaisha. Alipofika theluthi, kashata ikatafunwa. Sauti ile ile. Ubao ukafunguka nyuzi nyuzi chini ya soli zake, gundi ikaruka kama maganda ya yai, na Mkurugenzi wa Modeli akashuka, mikono juu, akatua kwenye tope mpaka kwapani. Kipande kimoja cha ubao kikamfuata taratibu, kikamgonga kichwani, kikatulia kando yake.

Mshereheshaji akaokota kipaza sauti kwenye kiti cha Waziri.

"Daraja," akasema mshereheshaji, "limepumzika."

Waziri alikuwa ameshasimama. Tumpe naye haki yake, hakuwahi kukosa la kusema. "Ndugu wananchi, msishtuke. Elimu ya Dakta ni nzito. Daraja hili lilikusudiwa watoto, ambao bado hawajasoma sana."

Makofi yakaanza, kwanza machache, kisha yakapata nguvu. Kipaza sauti kikateremshwa korongoni kwa waya wake, Dakta athibitishe.

Sefu akakishika kwa mikono ya tope. Akawatazama kule juu, mstari mzima wa viatu vizuri. Akaona pia soksi nyeupe, nyingi, zimerudi nyuma, mbali na ukingo.

"Ubao haufai," akasema. "Ungewaua watoto. Ule uzalendo ulikuwa mzaha. Mimi nilitania tu, nilikuwa na njaa, mkaandika."

Basi wakacheka.

Walicheka kicheko ambacho kongamano lile halikupata kukisikia, wakaangukiana mabegani. Waziri akaomba kitambaa. "Huyu Dakta," akasema, "huyu Dakta, yuko topeni na bado anatania." Sefu akarudia, polepole, neno kwa neno, bila kutabasamu. Wakacheka zaidi, wakasifu jinsi anavyojua kukaza uso. Akaapa. Hapo mmoja wa maprofesa ikabidi ashikiliwe. Wote walikuwa wanacheka, ila ukiwatazama vizuri wengi walikuwa wanacheka huku wameinamia vidole vyao vya miguu.

Nishani ilivishwa kwa ncha ya mwavuli, kwa sababu ya tope.

*

Mabasi yaliondoka kuwahi chakula. Profesa Nekesa hakupanda. Alikunja gauni lake la harusini, akateremka mpaka ukingoni, akaokota kipande cha Ubao Shupavu, kipande cha kwanza katika nchi ile kuvunjika mbele ya watu, akakifunga kwenye leso akakitia mkobani. Alimpungia Sefu mkono, akaenda zake.

Zamda alipuliza filimbi. Watoto wakavua soksi, wakaning'iniza viatu, wakashika njia yao ya siku zote ya kwenda majini. Kisha akateremka kwa mumewe, ambaye alikuwa amejikokota mpaka kwenye jiwe na amekaa, nishani inadondosha tope.

"Mama Nunu."

"Nilikuuliza wewe," Zamda akasema. "Asubuhi, kikombe kiko mkononi mwako, nilikuuliza wewe."

"Najua."

"Usiseme kitu cha kuchekesha."

Alikuwa nacho kimoja, tayari kabisa, kizuri kuliko vyote alivyopata kuvitunga. Akakimeza. Zamda akamfunga ngoma kubwa kifuani, akamgeuza mabega kuelekea kivukoni. Sefu akatembea nyuma ya watoto, na kila hatua nishani ilikuwa inagonga mbavu za ngoma. Watoto, ambao siku nyingine wangeanguka kwa kicheko, walinyamaza kwa sababu mwalimu wao alikuwa amenyamaza.

Maazimio ya kongamano yalitolewa baada ya chakula. Kwamba korongo lichunguzwe, maana limeonekana kuwa na kina kisicho cha kawaida. Kwamba mabaki ya daraja yazungushiwe uzio yawe urithi wa taifa. Na kwamba kizidisho cha uzalendo kipandishwe kutoka tatu hadi tano, ili jambo lile lisitokee tena.

Dakta Sefu hajaonekana tena kwenye kiti kinachozunguka. Wizara imetangaza kwamba amepumzika. Masika yakifika, wapitao Kijitopele humkuta majini, suruali imekunjwa, anavusha watoto mgongoni. Zamda huwapokea mmoja mmoja ng'ambo. Wanasema wawili hao huongea vizuri tu, mambo ya nyumbani, chumvi, mafuta ya taa. Ila Zamda akimuuliza neno siku hizi humuuliza mara mbili.

Hayo ni ya nchi ile, nayo iko mbali. Sisi huku madaraja yetu ni mazima yote, hata lile jipya pale mbele, lenye utepe bado unaning'inia. Mnaokwenda ng'ambo piteni bila wasiwasi. Tangulieni nyinyi.